Mliopanda mikoko ikafa, na mliofanikiwa: tupeane uzoefu

Mwanapwani: Wakuu, juzi lori limeshusha miche ufukweni kwetu, nikakumbuka mradi wa zamani. Walileta aina moja tu, ile inayoitwa mkoko wenyewe, wakapanda safu zilizonyooshwa kwa kamba kwenye tope la mbele linalopigwa na mawimbi. Wazee walisema hapo ni pa mlilana na mchu, aina nyingine za mikoko, wakajibiwa mpango umeshapitishwa. Bamvua la kwanza, yale maji makubwa, liling'oa mingi. Iliyobaki ikagandwa na vigamba, vile vidudu vya bahari vyenye gamba gumu, shina zima hadi ikainama. Njia ya kina mama wanaookota chaza nayo ikazibwa. Nyie je?

Bi Mkandaa: Hivyo hivyo kwetu.

Wa Shy: Hata bara ni kusikiliza wazee. Mradi wa Hifadhi Ardhi Shinyanga (HASHI) ulipoanza 1986, ngitili, yaani malisho yanayofungwa yapumzike, zilikuwa kama hekta 600. Mradi unaisha 2004 zimepita 300,000. Kilichosaidia ni kurudia utaratibu wa Wasukuma: masika unafunga malisho, kiangazi unafungua. Babu alikuwa anaangalia mvua ilivyonyesha ndipo aseme ng'ombe waingie lini.

Pweza: Ng'ombe na mikoko wapi na wapi? Msitu ufungwe, mtu asiingie.

Mama Gazi: Tupikie nini? Mikoko Pamoja, mradi wa wanakijiji hapa Gazi, Kenya, wanauza hewa ya ukaa tangu 2013, na bado ilipandwa mivinje ya kuni na fito. Wewe unapikia gesi nini?

Pweza: Mimi nimeona mikoko inakatwa usiku kwa macho yangu.

Nahodha: Tukiwa tunapanda, kijana wa kikundi alizama topeni hadi kiunoni, maji yanajaa. Akijitikisa anazidi kuzama. Tukamtupia makasia, akalaza kifua juu yake, tukamvuta tukiwa watu wanne. Maji yalishafika kidevuni. Miche yote ikaenda na maji.

Bi Mkandaa: Allahu Akbar! Bado anapanda?

Nahodha: Ndiye anayetuonyesha pa kukanyaga.

Pweza: Buti ndizo zinazozamisha. Pandeni pekupeku.

Mama Gazi: Vigamba vikuchane? Vaa raba, funga kamba.

Mkulima: Mnasahau mto. Kule Mwache, Mombasa, mvua za El Niño 1997 na 1998 zilishusha udongo ukafukia mizizi, mikoko ikafa imesimama. Kabla ya kupanda chini, kaeni na wanaolima juu.

Mwanapwani: Na mbegu ya mlilana inachomekwa topeni kama ya mkoko?

Nahodha: Hapana, mbegu zake ndogo mno. Okota miche iliyoota yenyewe, uilee kwenye viriba hadi ikomae kidogo.