Mvinyo asilia wa wazalishaji wadogo: kasoro utaitofautishaje na tabia yake?

ZabibuPori: Wakuu, habari. Kuna kikao cha kuonja chupa sita, zote za familia zinazolima zabibu zao na kuchachusha wenyewe bila kuongeza hamira wala kuchuja. Moja ina gesi iliyochachukia chupani, moja nyeupe, mbili nyekundu nyepesi, mbili za rangi ya chungwa kutoka Kakheti, Georgia. Nizipangeje? Na harufu ikiwa ngeni, nitajuaje kama mvinyo umeharibika au ndivyo ulivyo?

Mashapo: Mkuu, kazi inaanza jana yake. Simamisha chupa wima saa 24 mashapo yatulie, la sivyo glasi za mwisho zitakuwa tope chungu. Ya gesi ipoze hadi nyuzi 6 au 8 na uifungulie juu ya sinki, kidogo kidogo. Ikiwa na joto, gesi hulipuka na kuinua mashapo yote.

Usipange kwa rangi, panga kwa ukakasi: ya gesi, nyeupe (nyuzi 10), nyekundu nyepesi (14 hadi 16), kisha za chungwa mwisho (12 hadi 14). Hizo za Kakheti hukaa na maganda na mbegu, mara nyingi na vikonyo pia, miezi mitano au sita ndani ya kvevri, yaani chungu kikubwa kilichofukiwa ardhini. Ukakasi wake ni wa chai kavu iliyokolea. Ukizipoza sana ukakasi unazidi na harufu inakufa. Mililita 50 kwa mtu zatosha.

Kizibo: Kuhusu kasoro: harufu ya mayai viza isikutishe. Hamira iliyokosa chakula hutoa gesi yenye harufu hiyo. Mimina kwenye jagi, zungusha, subiri dakika 20 hadi 30, kwa kawaida huisha. Harufu ya siki au rangi ya kucha ni bakteria waliopata hewa. Ikiwa kidogo huchangamsha mvinyo, ikifunika tunda haiponi. Harufu ya zizi ni hamira ya Brettanomyces, nayo pima vivyo hivyo: tunda bado lipo?

Kasoro ya kuogopa zaidi ni ladha ya panya, maana puani husikii kitu. Uchachu wa mvinyo huibana. Ukimeza, mate yanapunguza uchachu, na baada ya sekunde 10 hadi 30 inapanda nyuma ya ulimi kama kizimba cha panya. Paka matone mgongoni mwa mkono, ngoja kidogo, nusa: ikiwepo, mara nyingi itajitokeza hapo. Wengine hawaisikii kabisa, kwa hiyo msibishane. Tofauti na mayai viza, hewa huizidisha. Onja tena chupa ikiwa imekaa wazi saa moja kabla hujaisifu.

ZabibuPori: Asante sana. Moja mvinyo wake si angavu, una ukungu, na imeandikwa "ina salfaiti", yaani kihifadhi cha mvinyo. Tumedanganywa?

Mashapo: Hapana. Ukungu ni kwa sababu haukuchujwa. Umoja wa Ulaya unadai maandishi hayo salfaiti ikizidi miligramu 10 kwa lita, na hamira yenyewe huweza kutengeneza kiasi hicho bila mtu kuongeza chochote. Hata Ufaransa, alama ya mvinyo asilia, "Vin Méthode Nature", iliyoanza 2020 inaruhusu hadi miligramu 30.

Kizibo: Nyekundu ikichoma ulimi kwa vipovu vidogo, ni gesi iliyobaki. Itikise kwenye jagi dakika mbili, kisha onja upya.