Je, mchanganyiko wa lugha darasani unashusha kiwango cha elimu?

Mzazi, Eastleigh: Ndugu zangu, binti yangu yuko Gredi ya 2 katika shule ya umma hapa Nairobi, ambako Wasomali, Waoromo na Wakamba huketi dawati moja. Je, mchanganyiko huu unamrudisha nyuma?

Mwalimu mstaafu: Mzazi mwenzangu, lugha si tatizo, maana mtaala unaruhusu Kiswahili katika madarasa ya mwanzo mijini, ingawa shule nyingi hukimbilia Kiingereza. Kinachoniuma ni msongamano uliokuja na elimu ya bure mwaka 2003: mwalimu mmoja hawezi kusahihisha madaftari sabini kwa makini.

Mama wa watatu: Asante, Mwalimu. Wangu aliimarika kusoma akimwonyesha jirani yake, aliyejua Kisomali tu, kila neno kwa kidole. Dada, fungua daftari la binti yako uone kama makosa yanasahihishwa.