Tupeane uzoefu: gwaride kama rejea kwa waundaji wa modeli za vifaru na ndege

Ndugu waundaji, huku kwetu makumbusho ambayo mtu anaweza kuzunguka kifaru akiwa na futi mkononi ni adimu, na kupiga picha karibu na kambi ya jeshi hakuruhusiwi. Kwa wengi wetu, basi, gwaride la sikukuu ya taifa ndiyo nafasi pekee ya kuliona gari la kivita mchana kweupe na kwa ruhusa ya wenyewe. Naomba kila mmoja aeleze kile alichokipata kwenye gwaride kikamfaa mezani, na kile alichoona ni heri kukiacha. Msimamo wangu nautanguliza: gwaride ni shahidi mzuri wa umbo na shahidi mbaya wa rangi. Gari linalopita mbele ya Amiri Jeshi Mkuu limepakwa rangi upya, limefutwa vumbi, na limevuliwa maturubai, madumu na kamba ambazo askari huzibeba wakiwa kazini. Anayetaka kujua lilivyoundwa atafaidika, ila anayetaka kujua linavyochakaa atapotea.

Mchangiaji wa Dar es Salaam

Mimi huanza na magurudumu, kwa sababu ndiyo yasiyodanganya hata kwenye picha iliyotikisika. Katika maadhimisho ya miaka 50 ya Muungano, tarehe 26 Aprili 2014, JWTZ ilipitisha vifaru vya Type 63A vyenye uwezo wa kuelea majini. Kifaru hicho kina magurudumu sita kila upande na mzinga wa milimita 105, ilhali Type 59, ambacho ni kifaru cha Kisovieti T-54A kilichoundwa China, kina magurudumu matano, na kati ya la kwanza na la pili pana mwanya mpana kuliko mingine. Ukishaijua alama hiyo huhitaji kumuuliza mtu jina la kifaru.

Faida kubwa zaidi ni vipimo. Gurudumu la familia ya T-54 lina kipenyo cha milimita 810. Chagua picha ambayo kifaru kimeonekana ubavu mtupu, yaani kile kipindi kifupi kinapokuwa sambamba na jukwaa kuu, kisha pima gurudumu kwenye picha. Likitoka milimita 27, basi kila milimita moja ya picha ni milimita 30 za kifaru halisi. Sanduku la vifaa juu ya bati la ubavuni likipimwa milimita 20 kwenye picha, urefu wake halisi ni milimita 600, na katika skeli ya 1:35, yaani modeli iliyopunguzwa mara 35, utalikata milimita 17. Nasisitiza ubavu mtupu, na ikiwezekana picha iliyopigwa kutoka mbali, kwa sababu aliyesimama kandokando ya barabara na simu hupata kifaru chenye pua kubwa na mgongo mfupi, na hesabu yote huharibika.

Mchangiaji wa Nairobi

Ahsante, mzee wangu wa Dar. Sisi wa Kenya gwaride letu hasa ni la miguu, na utajiri wake kwa muundaji uko angani. Sikukuu ya Jamhuri, tarehe 12 Desemba, mara nyingi ndege za Jeshi la Anga hupita juu ya uwanja, na ndege ya kivita ya F-5 ndiyo ninayoisubiri. Watu hulalamika kwamba ndege huonekana tumbo tu. Mimi tumbo ndilo ninalolitaka, kwa kuwa picha nyingi za ndege zilizopo hupigwa ikiwa chini, imesimama juu ya magurudumu yake, na upande wa chini umejaa kivuli. Ndege ikipita juu moja kwa moja unapata umbo kamili la bawa, reli za makombora kwenye ncha za mabawa, na mahali tangi la ziada la mafuta linaponing'inia. F-5E, toleo mojawapo la F-5, ina urefu wa mita 14.45 na upana wa mita 8.13 kutoka ncha hadi ncha. Katika skeli ya 1:72 ni takribani milimita 201 kwa 113. Nikilinganisha uwiano huo na picha, najua mara moja kama bawa la plastiki limetengenezwa vizuri au limenenepeshwa.

Rangi ya chini msiiamini kabisa. Kamera huona mwanga wa anga kwanza, na tumbo la kijivu hafifu hutoka jeusi kama makaa. Ongeza mwanga kwenye kamera kabla ndege haijafika, si baada ya kupita.

Mchangiaji aliyesoma Moscow

Gwaride la tarehe 9 Mei, Siku ya Ushindi wa Vita Kuu ya Pili, lina mtego wake. T-34-85, kifaru cha Kisovieti cha vita hivyo, hutangulia mbele ya vifaru vipya, kila mtu hukipiga picha, kisha picha hiyo hutumiwa kuunda kifaru cha Berlin ya mwaka 1945. Nyingi za T-34 zinazotembea hadi leo zilifanyiwa marekebisho baada ya vita, na mara nyingi magurudumu yake ni ya muundo wa miaka ya baadaye. Mistari myeupe kwenye kingo za magurudumu nayo ni pambo la gwaride. Anayetaka gwaride la kweli la 1945 aunde IS-3, kifaru kizito cha Kisovieti: vifaru 52 vya aina hiyo vilipita Berlin tarehe 7 Septemba mwaka huo, na hapo usafi na kung'aa ni sahihi kihistoria, muundaji halazimiki kupaka tope wala kutu.

Tukumbuke pia kwamba gwaride linaweza kuonyesha kisichokuwepo. Mwaka 1965 kombora la GR-1 lilipitishwa Moscow kwa fahari, na halikuwahi kuingia kazini.

Mchangiaji wa Paris

Nyongeza fupi. Tarehe 14 Julai, sikukuu ya taifa la Ufaransa, vifaru vya Leclerc hupita Champs-Élysées vikiwa na vipande vya mpira kwenye minyororo ili lami isichimbike. Ukipaka mnyororo huo rangi ya chuma kinachong'aa upande unaogusa ardhi, umeunda kitu kisichokuwepo mtaani. Nyeusi iliyofifia, yenye kijivu cha vumbi la lami, inatosha.

Mchangiaji wa Bukoba

Mimi naunda vita vya Kagera vya 1978–1979, kwa hiyo gwaride nalitumia kwa uangalifu. Chukua BM-21, lori la kurusha roketi, ile ambayo watu waliiita Saba Saba. Gwaridani mabomba yake 40, safu nne za kumi kumi, yamelala juu ya kabini yakielekea mbele, kwa sababu huo ndio mkao wa safari. Kutoka hapo nahesabu mabomba, napata nafasi zake, na naona yanavyofungwa pamoja. Bomba la mita tatu linanipa milimita 86 katika skeli ya 1:35. Baada ya hapo picha ya gwaride naiweka kando, maana likiwa kazini lori husimama, mabomba huinuliwa na kugeuzwa, na midomo yake huungua rangi baada ya kufyatua. Vumbi la njia ya Mutukula ni jekundu. Hilo nalichukua barabarani kwenyewe, nalichekecha kwa kitambaa chepesi, nalichanganya na gundi nyeupe iliyozimuliwa kwa maji, na kulipaka kuanzia magurudumu kwenda juu, likipungua kadiri linavyokaribia dirisha la dereva.