Petroli ya kawaida isiyo na risasi: sheli ya njiani, ya mbali yenye bei nafuu, au ya kadi ya punguzo?

Mwanzisha mada
Wakuu, nisaidieni hesabu. Sheli A iko njiani kabisa. Sheli B ni nafuu kwa asilimia 2 lakini lazima nitoke njiani. Sheli C ina bei sawa na A, ila ina kadi ya punguzo. Gari linakwenda kilomita 12 kwa lita, na taa ya akiba ikiwaka linaingia kama lita 40. Ipi inaokoa hela kweli?

Deiwaka
Geuza punguzo liwe lita kwanza. Asilimia 2 ya lita 40 ni lita 0.8, yaani kilomita 9.6 kwa gari lako. Sheli B ikiwa kilomita 5 kando, kwenda na kurudi umeshamaliza faida yote. Ukiweka lita 15 tu, faida ni lita 0.3, hiyo ni kilomita 3.6. Kwa hiyo B inafaa siku una safari ya upande huo, na ujaze tangi. Angalia foleni pia: dakika 20 injini ikiunguruma palepale, injini ndogo inakula karibu robo lita.

Kadi ya C soma masharti. Nyingine zinatoa punguzo kwa petroli ya oktani ya juu tu (oktani ni namba ya uwezo wa petroli kuzuia injini kugonga), au pointi zinazoisha muda.

Mpima_Lita
Mnalinganisha bango, mimi nalinganisha kipimo. Pampu inayopunja asilimia 3 inatoa lita 19.4 badala ya 20. Hizo mililita 600 zimekula asilimia 2 zako na zaidi. Kabla mpini haujaingia kwenye gari hakikisha lita na hela zote zinasoma sifuri, na bei ya lita kwenye pampu ni ile ya bango. Tarakimu zikiruka mafuta hayajaanza kutoka, simamisha. Ukishuku, omba wapime kwa kopo la lita 20 lenye muhuri wa vipimo. Kopo liwe limelowa kwanza kisha likamiminwa, maana likiwa kavu linaonyesha pungufu kidogo hata pampu ikiwa sawa.

Ila msimshutumu mhudumu kwa sababu tangi la lita 45 limeingia 47. Shingo ya tangi nayo inabeba mafuta.

Fundi_Plagi
Oktani ndiyo inayopoteza hela za watu wengi. Fungua kifuniko cha mafuta, usome kibandiko. Kikisema 91, basi 95 haikuongezei chochote. Kikisema 95 ukaweka 91, injini inaanza kugonga ukipanda mlima, kompyuta inachelewesha cheche, nguvu inashuka na ulaji unapanda. Unafuu wa pampu unaishia hapo.

Pampu ikishakata yenyewe, acha. Ukilazimisha, petroli inaingia kwenye kopo la mkaa linalonyonya mvuke, na hilo kopo bei yake ni kubwa kuliko punguzo la miezi.

Mwanzisha mada
Asanteni. Kujaza alfajiri mafuta yakiwa ya baridi kunasaidia? Na hizi za bei ya chini haziwezi kuwa na risasi?

Mpima_Lita
Petroli hupanuka kama asilimia 1 kwa kila nyuzijoto 10, lakini matangi yamezikwa ardhini, joto lake halibadiliki kati ya alfajiri na mchana. Usiamke kwa ajili hiyo.

Fundi_Plagi
Risasi usiihofie. Algeria ilikuwa nchi ya mwisho kuuza petroli ya magari yenye risasi, ikaacha 2021. Kinachoua masega ya ekzosi, yaani kile kifaa cha kusafisha moshi, siku hizi ni petroli iliyochanganywa mafuta ya taa, au plagi inayokosa cheche.

Deiwaka
Fanya jaribio. Jaza A hadi pampu ikate, weka tripu sifuri, endesha, rudi pampu ileile ujaze tena, gawa kilomita kwa lita zilizoingia. Matangi matatu A, matatu B, njia zilezile, upepo wa tairi uleule. Tangi moja halitoshi, kwa sababu pampu haikati pale pale kila mara.