Geji ya nyuklia ya kupima mshindilio wa udongo na lami: naiuza pamoja na leseni?

LamiGulu: Wakuu, tunafunga kambi ya ujenzi wa barabara hapa Gulu, Uganda. Tuna geji ya nyuklia ya miaka 20, ina vyanzo viwili vya mionzi: seziamu-137 na amerisiamu-241/berili. Skrini imekufa. Mkandarasi wa Mbarara anaitaka kwa vipuri. Leseni yetu bado hai. Tumkabidhi vyote viwili?

Dosimita: Leseni haiendi na mashine. Ni ya mwenye jina lake. Kwa Sheria ya Nishati ya Atomiki ya 2008, anayepokea lazima awe na kibali chake cha Baraza la Nishati ya Atomiki, msimamizi wa mionzi nchini, kabla geji haijatoka kwako. Omba nakala, uisome: leseni ya eksirei haimruhusu kupokea chanzo hiki. Linganisha isotopu (aina ya chanzo, mfano seziamu-137), nguvu ya chanzo na mahali pa kukihifadhi. Nanyi ombeni idhini ya Baraza ya kuhamisha, kwa namba za vyanzo vyenyewe. Wengi huandika namba ya mashine tu, kumbe kila chanzo kina yake.

Na skrini kufa si hoja, vyanzo bado vinatoa mionzi. Baada ya miaka 20 seziamu imebaki kama 63%, amerisiamu karibu 97%.

FundiMaabara: Kama shida yake ni vipuri, mbona mnajisumbua? Fundi mwenye idhini atoe bodi na betri, hivyo havina mionzi, auziwe hivyo. Ila geji iliyobaki bado ni mzigo wenu: iendelee kufungiwa stoo na kuhesabiwa, mkiliuliza Baraza kuhusu kuirudisha kwa mtengenezaji. Isiende kwa wauza chuma chakavu hata kidogo.

LamiGulu: Anataka nzima, na kibali anacho.

Dosimita: Basi fanyeni kipimo cha uvujaji kwanza, kuona kama chanzo kinavuja; kikomo cha watengenezaji wengi ni bekereli 185 (bekereli ni kipimo cha nguvu ya mionzi). Angalieni tundu la chini: udongo ukiganda humo, kizuizi cha mionzi hakifungi na seziamu iliyo kwenye ncha ya fimbo inayoshushwa kwa mpini inamulika chini hata mpini ukiwa juu.

Safari iwe ndani ya kasha lake la Aina A (daraja la makasha ya kusafirishia vyanzo vya mionzi), mpini umefungwa kufuli, kasha limefungwa minyororo nyuma ya pikapu, mbali na dereva. Pimeni mita moja kutoka kwenye kasha: 0.006 mSv (milisiveti, kipimo cha dozi ya mionzi) kwa saa ni fahirisi ya usafirishaji 0.6, lebo ya onyo ya Njano II. Karatasi zikae mbele kwa dereva. Akipokea, asaini kwa namba zilezile, nanyi mpeleke nakala Baraza ili vyanzo vifutwe kwenye leseni yenu.