Diski ya laptop iliyokufa inataka ifomatiwe, picha za baba zimo

Binti wa Hombolo: Habari zenu wakuu. Umeme ulikatika hapa Ipagala, uliporudi laptop ikazima moja kwa moja. Fundi kasema bodi imeungua, akanitolea diski, GB 500, nimeiweka kwenye kava la USB. Kompyuta ya dada inaiona ila inadai ifomatiwe, yaani ifutwe na kuandaliwa upya. Humo kuna picha za marehemu baba akivuna zabibu mara ya mwisho. Sina nakala. Nikubali?

Fundi Nkuhungu: Usikubali dada yangu, nakusihi! Tega sikio: inagonga tik-tik? Kama inagonga ichomoe, na mtu asiifungue. Kwa vumbi letu hili, punje moja inakwaruza sahani ya ndani inayohifadhi data.

Binti wa Hombolo: Haigongi, inavuma tu.

Fundi Nkuhungu: Afadhali. Tafuta diski kubwa kuliko hiyo, nakili yote kwa ddrescue, programu ya kunakili diski yenye hitilafu, kisha tumia programu za kurejesha mafaili, TestDisk au PhotoRec, kwenye nakala. Zote ni za bure. Ile ya zamani usiandike kitu.

Mzee wa Kondoa: Ikiomba ufunguo wa tarakimu 48, hiyo ni BitLocker, kufuli la Windows la kulinda diski. Angalia ufunguo kwenye akaunti yako ya Microsoft, mwanangu.

Binti wa Hombolo: Haikuomba. Majina ya mafaili yamepotea, ila nimemwona baba, na kapu lake begani. Asanteni sana, nimelia.