Ushauri: Dalek wa plaiwudi, sauti imenigomea

Msumeno Butu: Habari za humu wakuu. Niko Leicester, natengeneza Dalek, yule adui wa ndani ya gamba la chuma kwenye tamthilia ya TV ya Uingereza Doctor Who, saizi kamili, kwa tamasha la watoto Jumamosi. Kila kitu tayari ila sauti: inatoka kama ya mtu mwenye mafua. Nifanyeje?

Kipaza: Acha kubana pua. Tafuta ringi modyuleta (kifaa cha kubadili sauti), izidishe sauti yako kwa wimbi saini (mlio laini) la Hz 30. Ukipandisha sana unapata kengele. Tamka silabi moja moja. Maiki ikae mdomoni, spika iangalie nje. Vikikaribiana humo ndani vitapiga mluzi.

Skaro Kati: Sauti baadaye. Nundu za sketi, ile sehemu ya chini, umeweka ngapi?

Msumeno Butu: 48. Nani atahesabu?

Skaro Kati: Watoto watahesabu. Ni 56, safu 14, nne nne.

Bi Randa: Kuna kitu unaficha. Kitako kina upana gani, na mlango wa chumba unachomtengenezea?

Msumeno Butu: Hayo si niliyouliza, dada.

Bi Randa: Jibu.

Msumeno Butu: Kitako sentimita 98. Mlango 74. Lakini kila kiungo nimeshatia gundi na skrubu, sikati kitu. Nitamlaza, atapita.

Bi Randa: Kimo bila kichwa?

Msumeno Butu: 121.

Bi Randa: Basi hapiti, amesimama au amelala. Kata chini ya mabega, ng'oa magurudumu, sketi uitoe kiubavu. Kurudishia: bolti nne za milimita 8 na washa (pete bapa za chuma) pana. Plaiwudi ya milimita 6 hupasuka bolti ikikazwa, kwa hiyo gundisha kibao nyuma ya kila tundu.

Mjomba Ngazi: Mwaka 1988 Dalek alipanda ngazi akielea. Mpitishe dirishani!

Tomaso: Hii chai. Fundi gani anamaliza kazi bila kupima mlango? Picha iko wapi?

Kipaza: Chai ya tangawizi. Dalek "tayari" mwenye nundu 48!

Bi Randa: Chai au maziwa, shingoni aweke wavu mweusi. Aliye ndani anaonea hapo na kupumulia hapo.

Msumeno Butu: Simu imejaa, picha baadaye. Nimekata. Kimo cha sketi na ubao wa kitako ni 71. Ila ile 74 nilipima fremu. Mlango ukiwa wazi inabaki 69.

Bi Randa: Ng'oa mlango. Bawaba tatu, pini unazigonga kutokea chini.